Njia 14, wachezaji wakapita moja: kisa cha ramani ya gemu kutoka Ngamiani, Tanga

Majina ya watu, jina la gemu na mahali ilipoonyeshwa nimeyaondoa kwa makubaliano na wenyewe. Tanga nimeiacha, maana ukiitoa Tanga kisa chenyewe kinakwisha.

Usuli

Timu ilikuwa ya vijana wanne: msanifu wa ramani, mwandika programu, mchoraji na fundi wa sauti. Hakuna aliyekuwa akilipwa. Mmoja anauza kava na chaji za simu, mmoja anaendesha bodaboda mpaka jioni, wawili walikuwa wamemaliza chuo na wanasubiri kazi. Walikutana baada ya magharibi kwenye baraza ya nyumba ya kina msanifu, Ngamiani, wakiwa na laptopu mbili. Moja ina kadi ya michoro ya maana. Ya pili ni ile ambayo feni yake ikianza kunguruma watu wanapandisha sauti ili wasikilizane. Walitumia Godot, injini ya gemu isiyolipiwa na isiyodai asilimia ya mauzo, na kwa watu wasio na mtaji hapo mjadala uliishia.

Mimi nafundisha kompyuta, na zamani niliwahi kuchezea sana utengenezaji wa ramani. Waliniomba nije kila Jumamosi niwe jicho la nje. Waliniita mwalimu. Sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni ya huyo mwalimu.

Walichotaka ni gemu ya risasi ya nafsi ya kwanza, yaani ile unayoona kwa macho ya mhusika mwenyewe, huku mbele yako kukiwa na mikono na mtutu wa bunduki tu. Ramani iwe moja, ya dakika 20 hivi, na iwe wazi: mchezaji apewe lengo, njia ajitafutie. Hawakutaka ule ujia mmoja ambao adui anakusubiri kila kona na mlango unafungwa nyuma yako ukishapita.

Mandhari ni vita ya Tanga ya Novemba 1914. Kwa msomaji asiyeijua: meli za Waingereza zilifika tarehe 2 zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, wakashushwa Raskazone, mashariki ya mji. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa ililetwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Shambulio kubwa lilikuwa tarehe 4. Katikati ya mapigano nyuki walitibuliwa kwenye mizinga iliyokuwa mitini, wakashambulia watu bila kuuliza bendera. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini.

Swali la kwanza lilikuwa la mchoraji: "Sasa sisi tunakuwa upande wa nani?" Wakabishana siku mbili. Mwishowe wakakataa pande zote. Mhusika angekuwa mpagazi wa reli, mwenyeji wa Ngamiani, ambaye dada yake ana majeruhi nyumbani. Sanduku la dawa liko ghala la stesheni. Lifuate, lirudishe. Majeshi yote mawili yanaweza kukuua, na yenyewe yanauana. Uamuzi huu ulichukuliwa kwa sababu za heshima, lakini ndio uliokuja kuwa wa faida kuliko yote kiufundi. Jeshi moja likiwa linalenga jeshi jingine, mchezaji anapata nafasi za kupenya ambazo hakuna msanifu aliyezipanga.

Bunduki nayo walimpa ya kweli: Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, inayotumia baruti nyeusi. Kampuni nyingi za askari upande wa Wajerumani zilikuwa bado nazo mwaka 1914. Ukifyatua, linatoka wingu la moshi linalowaambia watu wote ulipo. Gemu ambayo kila risasi ina gharama haiwezi kuwa ya kusimama mahali na kufyatua ovyo, na hilo walilitaka.

Ramani ya kwanza

Msanifu alizaliwa Ngamiani. Aliipima kwa miguu, kwa futi ya fundi na kwa simu, kisha akaijenga kwa maboksi ya kijivu yasiyo na rangi wala madirisha, kama inavyofanywa ili umbo lijaribiwe kabla mchoraji hajapoteza muda wake. Kwenye Godot kipimo kimoja ni mita moja, kwa hiyo alichokipima barabarani alikiandika kama kilivyo. Mitaa 11, vichochoro vya kukatisha, reli upande wa kaskazini na stesheni yake. Alihesabu njia 14 tofauti za kutoka nyumba ya dada hadi ghala. Alizihesabu kwa fahari, na mimi nilimpongeza.

Asiyeifahamu Tanga ajue kwamba Ngamiani si Mji Mkongwe wa Unguja wala wa Bagamoyo. Barabara zimenyooka, zimekatana kama karatasi ya hesabu, na zinaitwa kwa namba. Mtu anakuambia anakaa ya nane, unajua. Ukisimama katikati ya barabara, unamwona mwenye baiskeli anayekuja tangu akiwa nukta.

Jaribio la kwanza

Tulileta vijana saba kutoka banda la PlayStation la jirani. Wengi ni watu wa mpira, ila gemu za risasi wanazijua. Tulikubaliana tusiseme neno. Anayetengeneza gemu akianza kumwelekeza anayejaribu, hilo si jaribio tena.

Sita kati ya saba walitoka mlangoni, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakafuata barabara waliyoikuta mbele. Barabara hiyo hiyo. Waliuawa humo humo na walinzi waliokuwa mbali kiasi kwamba kwenye kioo walikuwa vidoa. Wakianza upya, wanarudi pale pale na kujaribu kukimbia zaidi. Wa saba, kijana aliyekuja Tanga kutoka Korogwe wiki chache nyuma, alikata kona mara nne, akasimama, akageuka, akatembea, akasimama tena.

"Kaka, hapa si nilishapita?"

Hakupewa jibu. Alizunguka dakika tisa, akaweka kontroli chini na kusema gemu nzuri. Wabaya ni wale wanaosema gemu nzuri na hawaombi zamu nyingine.

Msanifu alikuwa amechora ramani kwenye karatasi ya manila na kupitisha mstari wa kalamu kwa kila mchezaji. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja mnene mweusi, kando yake kifundo cha yule wa Korogwe, na mitaa mingine tisa mieupe kabisa.

Ushauri wangu, na kilichofuata

Nilisema njia hazitoshi. Niliona ramani ni bapa, nikashauri wapande juu na kushuka chini: mapaa ya kukimbilia, mfereji wa maji wa kutambaa, nyua za nyumba zenye milango miwili. Nilikuwa nikifikiria gemu nilizozipenda ujanani, ambazo kila chumba kina dirisha la siri. Wakafanya kazi wiki tatu. Njia zikapita 30.

Jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Watu walipotea mapema zaidi, na sasa walikuwa na mapaa ya kupotelea. Mmoja tu ndiye aliyepanda paa, na alipanda kwa bahati mbaya. Juu ya hayo, gemu iliyokuwa ikienda fremu 60 kwa sekunde (yaani picha 60 zinazochorwa kila sekunde) kwenye laptopu nzuri ilikuwa ikienda 22 tu kwenye ile mbovu. Sababu ilikuwa ile ile ya barabara iliyonyooka. Injini ya gemu inaokoa nguvu kwa kutochora kilichozibwa na ukuta. Kwenye vichochoro vya kujipinda ukuta wa karibu unaficha mji mzima, lakini kwenye barabara ya Ngamiani hakuna kinachofichwa, na kila kilichoko hadi mwisho wa macho kinachorwa.

Mwandika programu akatoa hoja ambayo wengi wangeitoa: mitaa ipindwe. Kona hapa, ukuta pale, tupate pembe za kujificha na kasi irudi. Msanifu alikataa, na alikataa kwa hasira. "Ukiipinda unatengeneza Unguja. Mimi sikupima Unguja." Walinitazama mimi. Sikuwa na jibu, na baada ya wiki zile tatu nilikuwa nimejifunza kunyamaza.

Usiku umeme ulipokatika

Jumamosi ile umeme ulikatika saa mbili na nusu. Tulifunga laptopu tukaondoka kwa miguu, giza totoro, simu za wawili zimezima. Msanifu alikuwa mbele, anatembea kama mchana. Tulipofika njia panda moja akakata kushoto bila kusita. Nikamuuliza kwa utani tu: "Umejuaje kama hii ni ya nane?"

"Si nasikia kahawa?"

Kweli, kulikuwa na muuza kahawa anagonga vikombe vyake, ule mlio wa chombo kwa chombo ambao mtu wa pwani anausikia hata usingizini. Tukaendelea. Ya tisa aliijua kwa mama wa samaki wa kukaanga, kwa harufu. Mahali pengine alipajua kwa mwembe, maana pale ardhi ilikuwa na majani na hatua zetu zilibadilika sauti. Namba hakuitumia hata mara moja. Namba ni za kumtajia mgeni.

Tulisimama hapo hapo barabarani tukaongea hadi mbu wakatufukuza. Kwenye ramani yetu hakukuwa na kahawa, samaki wala mwembe. Kulikuwa na maboksi ya kijivu yaliyofanana, na msanifu alikuwa haoni kwamba yanafanana kwa sababu kila boksi yeye alilijazia mwenyewe, kichwani, vitu vya tangu utotoni. Kwake ramani ilikuwa na njia 14 kweli. Kwa kijana wa Korogwe ilikuwa na njia moja, ile aliyoikuta mbele ya mlango, na baada ya hapo ukuta wa kijivu.

Maamuzi na sababu zake

*Mhusika akawa mgema.* Hili ndilo badiliko kubwa, na lilianza na swali la kijinga la fundi wa sauti: mbona tunaanzia ndani ya nyumba? Anayeanzia chumbani anatoka mlangoni bila kujua chochote, kisha tunamlaumu kwamba hachagui. Wakatafuta mahali pa juu. Ngamiani haina ghorofa za kutosha kwa hadithi ya 1914, lakini minazi ipo. Mpagazi wa reli akafutwa, akaja mgema, na gemu inaanza alfajiri ukiwa kileleni mwa mnazi na kibuyu kiunoni. Unaona moshi wa gari la moshi stesheni, unaona meli, barabara zote, na walinzi wakibadilishana zamu. Hakuna maandishi wala mshale. Ukitosheka, unashuka. Minazi mitano mingine inapandika, na ukiwa juu ukifyatua moshi wako unaonekana mji mzima.

Kuna gemu zinazompa mchezaji mnara, akiupanda ramani inajaa alama za wapi aende. Hapa waliacha macho yafanye kazi hiyo. (Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sitawasifu zaidi ya hapo.)

*Barabara zikabaki zimenyooka, ila zikajazwa.* Kutoka mitaa 11 wakabakisha sita. Hakuna uliopindwa. Badala yake wakaweka mikokoteni, nguzo za baraza, kanga zilizoanikwa, ukuta uliobomolewa na kombora, rundo la mataruma ya reli. Lengo lilikuwa macho yasipite mita 40. Kanga ni uvumbuzi wa mchoraji: zinazuia macho lakini hazizuii risasi, na mchezaji anagundua hilo mara moja tu.

*Barabara moja ikaachwa tupu kwa makusudi.* Mita 120, hakuna pa kujificha, bombomu (bunduki ya kumimina risasi mfululizo) kwenye kona ya mwisho. Ndiyo fupi kuliko zote. Kutoka mnazini inaonekana wazi, pamoja na bombomu lake. Awali ilikuwa mtego; sasa mtu akipita pale amekubali mwenyewe.

*Kila njia panda ipewe kitu cha kuonwa au kusikiwa.* Kanuni waliyoiandika ukutani kwa chaki: mchezaji akisimama popote, aone au asikie angalau kimoja kati ya moshi wa stesheni, mnara wa msikiti, mwembe mkubwa na vikombe vya kahawa. Gari la moshi lilipewa sauti ya mvuke isiyokoma upande wa kaskazini.

*Nyuki wakatolewa kwenye hadithi wakaingizwa kwenye kanuni.* Mwanzoni nyuki walikuwa tukio: ukifika mahali fulani, wanatoka, unakimbia. Mwandika programu akalifuta na kuandika upya. Mzinga wowote ukipigwa risasi, na yeyote, nyuki wanatoka na kumfuata anayejitikisa karibu, awe askari wa upande wowote au wewe. Moshi unawatuliza, kama kila mrina asali anavyojua.

*Mapaa yakafutwa.* Wiki tatu za kazi. Niliomba radhi, wakacheka, na kazi ikaendelea.

Matokeo

Jaribio la tatu lilikuwa na watu tisa, hakuna aliyewahi kuiona gemu. Kwenye karatasi ya manila ikatoka mistari sita iliyotofautiana kweli, na zaidi ya hapo watu walirudi. Wanne walikufa kwenye barabara tupu. Mmoja wao alikufa mara tatu na kila mara akawa anaeleza kwa nini safari hii atafika. Hiyo ni tofauti ambayo karatasi haionyeshi. Katika jaribio la kwanza watu walikufa humo bila kujua kama kuna kwingine, sasa walikufa wakibishana.

Kijana mmoja alipanda mnazi, akapiga mzinga wa nyuki uliokuwa juu ya walinzi wa bombomu, akashuka kupita. Nyuki wakamgeukia. Akafyatua tena, kwa hofu tu, na akasimama ndani ya wingu la baruti yake mwenyewe. Nyuki wakatulia. Chumba kizima kikapiga kelele. Mwandika programu alikuwa ameandika moshi kama kitu kimoja, awe wa kuni au wa bunduki, na hakuwahi kufikiria kwamba moshi unaokuuza kwa adui unaweza kukuokoa na nyuki. Walibishana kama ni kosa la kusahihisha. Wakauacha, na hawakuuandika popote kwenye gemu.

Kasi ilipanda hadi fremu 45 kwenye laptopu mbovu.

Sasa yaliyokwama. Kwenye maonyesho ambako gemu ilionyeshwa, ukumbi ulikuwa na kelele na vipokea sauti vya masikio vilikuwa jozi moja kwa kompyuta mbili. Waliocheza bila kuvivaa hawakusikia vikombe wala mvuke, na kwenye mitaa miwili ya katikati walianza kuzunguka kama kijana wa Korogwe. Timu ilikuwa imeegemeza mitaa hiyo kwenye sauti peke yake.

La pili ni ghala. Mji mzima uko wazi, halafu ghala lina mlango mmoja. Njia sita zote zikaishia kwenye kizingiti kimoja, na walinzi wawili mbele yake wakawa mtihani wa lazima kwa kila mtu, aliyepita kwa hila na aliyepita kwa vurugu. Mchezaji mmoja alisema, "Kumbe mngeniambia tu niende mlangoni." Waliweka dirisha la nyuma siku mbili kabla ya maonyesho. Halikuonekana kutoka kwenye mnazi wowote, na kwa siku nzima hatukumwona mtu akilitumia.

Uchambuzi

Kosa langu na la msanifu lilikuwa moja lililovaa nguo mbili. Yeye alihesabu njia, mimi nikaongeza njia, na wote tulidhani uwazi wa ramani ni idadi. Njia ambayo mchezaji hajui kuwa ipo haimo kwenye gemu yake. Na njia anayoijua lakini haijui itamgharimu nini, akiifuata hajachagua, amebahatisha.

Gemu zinazosifiwa kwa uwazi zimelipa gharama hii mapema, na ukizirudia utaona zinavyoilipa. Deus Ex ya mwaka 2000 inakushusha gatini kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, New York. Lengo limesimama mbele yako, kubwa, huwezi kulipoteza. Kabla hujaenda mbali, kaka wa mhusika anakutana nawe, anakupa uchague silaha moja kati ya tatu na kukudokezea kwamba kuna mtu upande wa pili wa kisiwa anayeweza kukusaidia. Hujapiga risasi hata moja na tayari unajua kuna angalau njia mbili na zinatofautianaje. Hata Doom ya 1993, ambayo milango yake inadai ufunguo wa rangi maalumu, mara nyingi inakuonyesha mlango uliofungwa kwanza ndipo uanze kuutafuta ufunguo. Mtu anatafuta vizuri anapojua anatafutia nini.

Kinyume chake ni hoja ya GoldenEye 007 ya 1997, na msanifu wetu aliitumia kujitetea, si bila haki. Martin Hollis, aliyeongoza utengenezaji wake, ameeleza kwamba waliojenga sehemu zake mara nyingi walijenga kwanza jengo kama jengo, bila kuamua mchezaji ataanzia wapi wala atatokea wapi, malengo yakaja baadaye. Ndiyo maana kuna vyumba visivyo na kazi, na ndiyo maana yanahisi ni mahali pa kweli. Msanifu alifanya hivyo hivyo na Ngamiani. Tofauti niionayo ni kwamba jengo la kijasusi lina vyumba visivyofanana: choo, maabara, korido, na kila kimoja kinajitambulisha. Gridi ya mji ikishavuliwa watu wake haina cha kujitambulisha nacho. Ukiiga mahali, uige pia kile wenyeji wanachokitumia kupajua. Sisi tuliiga vipimo vya futi tu.

Nadhani msanifu alikuwa sahihi kukataa kupinda mitaa, ingawa mwandika programu hadi leo hakubaliani. Kama wangepinda, kasi ingerudi wiki ile ile na watu wangepotea kidogo. Lakini barabara ya mita 120 isingekuwepo, na ndiyo inayokumbukwa na kila aliyecheza. Ubaya wa gridi ulipofanywa uonekane kutoka juu, ukageuka kuwa swali ambalo mchezaji analijibu mwenyewe.

Kwenye historia yenyewe kuna jambo ambalo timu ililigundua baadaye, wakati mchoraji anatafuta picha za sare. Usiku kabla ya shambulio kubwa Lettow-Vorbeck aliendesha baiskeli akapita mji uliokuwa mtupu hadi upande wa bandari, aone mwenyewe. Baiskeli, Tanga, hata wakati huo. Upande wa pili jenerali Aitken alisonga mbele bila upelelezi wa maana na watu wake wakaingia mashambani na vichakani wasipopajua. Mchoraji alipotusomea hayo, msanifu aliitazama ile karatasi ya kwanza ya manila, yenye mstari mnene mmoja, akasema, "Basi sisi tuliwafanya wote Aitken."

Kuhusu ghala nalaumu mpangilio wa kazi. Walijenga kutoka nyumbani kwa dada kuelekea stesheni, na kila Jumamosi tulijaribu kuanzia mwanzo. Mwanzo ukang'arishwa mara ishirini, mwisho ukafikiwa mara tatu. Mtu anayetengeneza ramani ya namna hii angefaidika kujaribu siku fulani kuanzia robo ya mwisho, mchezaji akiwa tayari mlangoni, auone ulivyo mwembamba. Hili nililijua. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea adabu ya kunyamaza baada ya mapaa, na adabu hiyo nayo ilipitiliza.

Sauti ni suala jingine. Vikombe vya kahawa vilikuwa wazo zuri lililobebeshwa mzigo peke yake. Waliongeza baadaye taa ya chemli kwa muuza kahawa, ndogo ya njano, inayoonekana kutoka njia panda mbili. Asiyesikia anaona, na kwa asiyeona vizuri mlio bado upo. Kazi yenyewe ilichukua jioni moja.

Walipo sasa

Dirisha la ghala limehamishiwa upande unaoonekana kutoka mnazi wa tatu, na mlango wa mizigo wa upande wa reli umefunguliwa. Wameanza ramani ya pili, ndani ya Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, ambako hakuna mnazi wa kupanda, hakuna moshi wa stesheni na hakuna anga. Walijaribu wiki iliyopita na watu watano. Wote walipotea, akiwemo msanifu.